Nani arushe sasa?

Masika imekolea Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro, na jani la mgomba lililoloa linameza mawimbi ya WiFi ya GHz 5 vibaya sana. Kiungo chetu kati ya paa la zahanati na nguzo ya shuleni kinapanda na kushuka kutwa. Mimi niko mjini Moshi na karatasi mezani, nimechora vifaa vinne vinavyopokezana data kuvuka mabonde hadi huku chini.

Nilifundishwa kwamba kazi ni mbili: utafute njia, kisha upange zamu. Kwenye waya sawa. Hewani, kwa chaneli moja, kifaa cha katikati hakiwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja, hivyo hatua mbili, yaani data kuruka mara mbili kifaa hadi kifaa, zinakuachia nusu ya kasi. Ongeza ya tatu unabaki na theluthi, kwa sababu wa tatu akirusha anamvuruga wa pili anayepokea. Njia nzuri yenye zamu mbovu haina maana.

Kipimo cha ubora wa njia kiitwacho ETX, kilichotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2003, kinasaidia. Kinakadiria pakiti, yaani kipande kidogo cha data, itarushwa mara ngapi hadi ifike na uthibitisho urudi. Kwenda zikifika asilimia 80 na kurudi 50, unagawa 1 kwa 0.4, unapata 2.5. Kuzunguka kwa hatua mbili safi ni 2 tu, basi zunguka, achana na migomba. Ila ETX haikwambii nani arushe sasa.

Waliojibu hilo ni watafiti Leandros Tassiulas na Anthony Ephremides, mwaka 1992, na hawakutafuta njia kabisa! Kila kifaa kinalinganisha foleni yake ya pakiti zinazosubiri na ya jirani, tofauti inazidishwa kwa kasi ya kiungo, na huo ndio uzito. Kila zamu linaruhusiwa kundi la viungo visivyogongana lenye jumla kubwa kuliko mengine. Jirani akiwa na foleni ndefu kuliko yako, unanyamaza. Njia inajitokeza yenyewe. Wakathibitisha kwamba mzigo wowote unaobebeka kwa mpango mwingine, huu nao unaubeba, bila kujua mapema kitaingia kiasi gani.

Nilimsimulia mzee mmoja wa kule juu anayesimamia zamu za maji ya mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga. Baada ya shikamoo na marahaba akasikiliza wee, kisha:

"Kwa hiyo aliyekauka anafunguliwa, aliyejaa anafungiwa. Sasa mwenye kabustani ka mchicha anapata lini, mwanangu?"

Amegusa penyewe. Ujumbe mfupi, pakiti mbili tatu, haujengi foleni, hivyo hauna uzito, unasubiri wakubwa wapite. Na mtandao ukiwa mtupu pakiti zinatangatanga, maana hakuna tofauti ya foleni ya kuzisukuma upande wowote. Wapo wanaohesabu uzito kwa muda ambao pakiti ya mbele imesubiri, na mimi naona ndiyo haki kwa zahanati inayotuma majibu mafupi ya vipimo.

Kuchagua lile kundi zito ni hesabu inayoelemea mitandao mikubwa. Kwa vifaa vinne unajaribu makundi yote na kompyuta haishtuki. Kinachonisumbua ni saa: zamu zikiwa za milisekunde, vyote vinne lazima vikubaliane zamu inaanza lini, wakati WiFi ya kawaida inasikiliza kwanza kama hewa iko wazi, ndipo inarusha.