Jinsi ninavyovusha kundi Vilima vya Ngong kwa siku moja

Ukivitazama Vilima vya Ngong kutoka Nairobi, unaona mgongo mpole usiomtisha mtu. Ukiwa juu, mambo ni mengine. Kilele kirefu zaidi kina mita 2,460, lakini urefu huo si shida. Kinachomaliza watu ni kwamba ukishapanda kilele unateremka, kisha unaanza kingine, hadi vilele vyote saba viishe. Kutoka lango la msitu upande wa mji wa Ngong hadi Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, ni kilomita kumi na ushee. Kundi la watu wa kawaida nalipangia muda wa saa tano hadi sita, mapumziko yakiwemo.

Tunaanza kutembea saa moja na nusu asubuhi. Msimu wa mvua kuchelewa ni hatari, kwa sababu radi hupiga zaidi alasiri na juu hakuna pa kujikinga. Ngurumo ya kwanza ikisikika, tunaacha vilele na minara, tunashuka ubavuni na kuachana hatua kadhaa. Askari wa misitu wa kutusindikiza tunampanga langoni kabla ya kuanza. Nusu ya kusini ina vichaka na watu ni wachache, kwa hiyo siivuki bila yeye.

Kazi kubwa ni kupanga watu. Mbele naweka mtu anayeijua njia na asiye na haraka. Wanaotembea polepole wanafuata nyuma yake moja kwa moja, wa pili na wa tatu. Makundi mengi huwaacha wabaki mkiani, na hapo ndipo safari inapovunjika: wenye kasi wanafika kileleni, wanapumzika dakika kumi, na yule wa mwisho anapotokea wao wanainuka. Anaendelea bila kupumzika. Kufika kilele cha nne ameishiwa, na kundi zima linamngoja kwenye baridi. Akiwa mbele, mwendo wake ndio mwendo wa wote na hakuna anayemngoja mwenzake. Mfunga msafara ni mtu mwenye nguvu kuliko wote, kwa sababu ndiye atakayebeba begi la atakayelemewa. Yeye ndiye anayekaa na kisanduku cha huduma ya kwanza: bendeji ya kukaza kifundo, plasta za malengelenge, ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na blanketi jepesi.

Mpando wa kwanza, penye mitambo ya umeme wa upepo, unakuja miili ikiwa bado baridi. Hapo watu hukimbia kwa furaha, nami nawazuia. Kipimo changu ni maneno: mtu aweze kusema sentensi nzima bila kuhema katikati. Akishindwa, tunapunguza hatua, hatusimami. Kusimama kila baada ya dakika tatu kunachosha kuliko kwenda taratibu.

Upepo wa Ngong unadanganya. Mara nyingi unatoka mashariki na unakausha jasho kabla hujalihisi, basi mtu anadhani hatoki jasho wala haungui na jua. Jioni shingo na masikio vinawaka, kichwa kinauma. Kila mtu abebe lita mbili na nusu za maji, siku ya jua kali lita tatu, kwa sababu njiani hakuna pa kujaza. Anywe mafunda machache kila baada ya robo saa, asingoje kiu. Chumvi nayo inahitajika: mayai ya kuchemsha na njugu zenye chumvi zinafaa kuliko biskuti tamu. Nduma na viazi vitamu vinashibisha, ila vipande viwe vidogo. Tumbo likijaa, mpando unaofuata ni mateso. Tunapumzika upande wa magharibi, chini kidogo ya mgongo, ambako upepo umekingwa na Bonde la Ufa limetandazika mbele yenu hadi Mlima Suswa. Kwa maoni yangu hakuna mahali pazuri zaidi pa kulia chapati. Koti livaliwe mara tu mnapokaa, kabla baridi haijaingia.

Upepo huohuo unameza sauti, kwa hiyo tunatumia firimbi na kukubaliana langoni: mlio mmoja, simameni, miwili, twendeni, mitatu ikirudiwa, kuna shida.

Majeraha niliyoyahudumia mengi yametokea kwenye kuteremka. Misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inavutwa huku imekaza, na ndiyo maana kesho yake ngazi za nyumbani hazishukiki. Kiangazi vijiwe vidogo hulala juu ya udongo mgumu na kubingirika chini ya kiatu kama gololi. Mvua ikinyesha udongo huohuo unakuwa utelezi. Hatua ziwe fupi, magoti yamekunjwa kidogo, uzito uwe juu ya miguu. Anayeogopa huegemea nyuma, na huyo ndiye anayekaa kitako. Fimbo ya kutegemea iwe ndefu kidogo kuliko ya kupandia, itangulie mguu.

Kabla ya mteremko wa kwanza kila mtu anafunga viatu upya. Kamba nalegeza kidogo vidoleni, nakaza kwenye kifundo hadi kisigino kisiinuke. Mguu ukiteleza ndani ya kiatu, vidole vinagonga mbele na kucha zinakuwa nyeusi, kwa hiyo kucha zikatwe siku mbili kabla. Anayesikia joto sehemu moja ya mguu aseme hapohapo. Plasta inawekwa kabla lengelenge halijatokea. Likishatokea, atachechemea hadi mwisho na kuumiza goti la pili.

Kona Baridi nahesabu watu kwanza. Kisha hakuna kuingia kwenye gari mara moja: tunatembeatembea dakika kumi, tunabadilisha soksi na kumalizia maji yaliyobaki. Usafiri wa kurudi kupitia Kiserian naupanga tangu jana yake, kwa maana matatu zinazotoka Magadi huja zimejaa, na kundi halitapata nafasi kwa mara moja.