Umezamia Mnemba? Usipande Kitonga usiku huo

Bei ya kuzamia Zanzibar tulitajiwa kwa dola, ingawa muuzaji na mnunuzi wote walikuwa na kitambulisho cha NIDA mfukoni. Papasi, yaani dalali wa watalii, aliyetuuzia safari ya kisiwa cha Mnemba pale Nungwi aliandika jumla moja kwenye kikaratasi, akaapa kwamba kila kitu kimo. Kulipokucha, suti ya kuzamia haimo, ada ya hifadhi haimo, na chakula cha mchana kilichosifiwa sana kikawa chapati moja na kipande cha nanasi. Kilichokuwemo, tena kwa herufi kubwa, ni KURUDI MJINI KUWAHI BOTI YA ALASIRI. Hicho ndicho kilichotufurahisha, maana tiketi za basi la usiku la Mbeya, lile linalopanda mlima wa Kitonga, zilikuwa tayari kwenye simu. Na ndicho kilichokuwa kibovu kuliko vyote.

Msitu wa Jozani tulishaupitia siku za mwanzo. Kima punju wanaonekana bila taabu, wengine wako kando ya barabara. Ukitaka faida ya kiongozi, mwambie akupitishe kwenye daraja la mbao la mikoko maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakipwa unabaki kutazama tope na kaa. Bei yake haikutuumiza. Tuendelee na bahari.

Kutoka Nungwi hadi Mnemba ni mwendo wa kama saa moja kwa mashua yenye injini. Anayelala Matemwe anakuwa karibu zaidi. Muda huo ndio wa kukagua vifaa, wala usikubali mtu akukagulie ukiwa umekaa unapiga picha. Mtungi wa alumini wa lita 11 hujazwa hewa hadi bar 200, bar ikiwa kipimo cha mkandamizo. Geji ikisoma chini ya 180 kabla hujaruka, omba mwingine, usione haya. Kisha tia regulata, kile kifaa cha kupumulia, mdomoni, vuta pumzi tatu nne huku macho yako kwenye sindano ya geji. Sindano ikishuka kila unapovuta na kurudi ukiacha, valvu ya mtungi haijafunguliwa vizuri: hewa inatosha hapo juu, lakini kwenye mita 18 haitatosha, kwa sababu kule kila pumzi inabeba hewa karibu mara tatu ya ile ya juu.

Risasi za mkanda, vile vyuma vya kukuzamisha, nazo zina kanuni. Sisi wa milimani, tusiozoea maji ya chumvi, hupenda kuomba nyingi ili tusielee hovyo, halafu tunahangaika na jaketi la kujazwa hewa chini huko, mara tunapanda, mara tunashuka, na hewa inakwisha ndani ya nusu saa. Jaribu ukiwa juu ya maji: toa hewa yote kwenye jaketi, shika pumzi ya kawaida. Maji yakikufika usawa wa macho, na ukishusha pumzi ukaanza kuzama, umepata. Ongeza kilo mbili tu kama mtungi umejaa, kwa kuwa hewa iliyomo nayo ina uzito, karibu kilo mbili na nusu, na mtungi wa alumini ukielekea kwisha unakuwa mwepesi na kuanza kukuvuta juu wakati ule ule unaotakiwa kutulia.

Masikio yanawapa shida watu wetu kwa sababu nyingine. Ukitoka Mbeya mwezi wa sita unatoka na mafua. Usizamie na mafua, na usiyafunike kwa vidonge: dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa iliyofungwa ndani ya sikio inakosa pa kutokea unapopanda, na hayo ni maumivu ambayo huwezi kuyakimbia kwa kushuka tena, maana hewa ya mtungi ina mwisho. Mwenye pua safi abane pua na kupuliza polepole tangu nusu mita ya kwanza, tena na tena, kabla sikio halijauma.

Mzamo wa kwanza ulikuwa Kichwani, kusini mwa kisiwa, ambako mwamba unateremka na mkondo unakubeba. Hapo hupigi mapezi, unaelea tu na mashua inafuata mapovu juu. Wa pili ulikuwa Wattabomi, kwenye mteremko wa mchanga na matumbawe, kasa wakila bila kutujali. Pono tuliwasikia kabla ya kuwaona, wanaguguna matumbawe kama mtu anayetafuna barafu. Mchanga mweupe wa fukwe hizi kwa sehemu fulani ni kazi ya matumbo yao. Tulipanda taratibu, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, tukasimama kwenye mita 5 kwa dakika tatu, tukatoka majini saa 6:20 mchana. Naitaja dakika kwa sababu kila kilichofuata kilihesabiwa kuanzia hapo.

Kiongozi wa mizamo, kijana wa Nungwi, alikuwa anajaza daftari lake.

"Mnalala wapi leo, dada zangu?"

"Njiani. Basi la saa mbili usiku."

Akaacha kuandika. "La kwenda wapi?"

"Mbeya."

"Mbeya iko juu?"

"Mita elfu moja na mia saba hivi," akajibu mwenzangu, ambaye ni mtu wa Tukuyu na huitaja baridi ya kwao kana kwamba ni mali.

"Njia inapanda wapi?"

"Kitonga."

"Kitonga mnafika saa ngapi?"

"Saa tisa usiku, kumi, inategemea malori."

Akahesabu kwa vidole. "Hazifiki saa kumi na sita, nyie mmezama mara mbili. Hamwendi."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Tukamwonyesha fomu tuliyojaza asubuhi: imeuliza moyo, pumu, mimba, upasuaji wa sikio, kisha mwishoni kabisa, "Unapanda ndege lini?" Tulijibu kweli tupu, kwamba hatupandi ndege. Nahodha, mzee aliyekuwa kimya tangu tumpe shikamoo ya asubuhi, akasogea kuitazama ile karatasi. "Wanangu," akasema, "watu wa ndege tunawazuia kila siku. Wa basi sijapata kuwaona."

Hesabu yenyewe ni hii. Juu ya bahari tunabeba uzito wa hewa wa bar 1. Kila mita 10 za maji ya chumvi huongeza bar moja, kwa hiyo mita 18 ni bar 2.8. Hewa ya mtungi ni ile ile ya kawaida, sehemu kubwa nitrojeni, na kwa mkandamizo huo nitrojeni inayeyuka kwenye damu, mafuta na viungo zaidi ya kawaida. Ukirudi juu inatoka polepole kwa kupumua, kazi ya saa nyingi. Ukipunguza tena mkandamizo kabla haijamalizika, inaweza kutoka kwa mapovu ndani ya mwili. Ndege ya abiria hurushwa na hewa ya ndani iliyowekwa sawa na mwinuko wa hadi mita 2,400 hivi. Ndiyo maana Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, linashauri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na saa 18 baada ya mizamo kadhaa au siku kadhaa za kuzamia. Aliyelazimika kusimama njiani akipanda juu kwa amri ya kompyuta yake ya kuzamia asubiri zaidi ya hapo. Ushauri huo unaanza kuhusika kwenye mwinuko wa mita 600 hivi. Damu haijui kama umefika mita hizo kwa mabawa au kwa matairi.

Sasa chukua barabara yetu. Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, kote huko uko kwenye mita kama 500, hakuna neno. Halafu Kitonga: kona baada ya kona, na kufika Iringa uko 1,600 hivi. Makambako inakaribia 1,700. Uyole iko juu ya hapo kidogo. Hewa ya Mbeya ni kama bar 0.82. Basi linalotoka Dar jioni linakupandisha hadi kukaribia mwinuko wa ndani ya ndege na kukulaza huko moja kwa moja, wakati ndege yenyewe ingekushusha baada ya saa chache. Kabla ya 2023, mabasi yalipokuwa yamezuiwa kukimbia usiku, jambo hili lilikuwa linajitatua lenyewe: ungelala Dar utake usitake. Wa Makete wana kazi zaidi. Kitulo kwao imepita hata hizo mita 2,400, na huko saa 18 zisihesabiwe kuwa zinatosha.

Tulirudi kwa papasi kumwambia kwamba kifurushi chake hakimfai mtu wa nyanda za juu, na kwamba achangie walau usiku mmoja wa malazi. Alitusikiliza kwa adabu kubwa. "Dada, mimi nimeuza bahari," akasema, "sikuuza mlima." Wakala wa basi naye alikata sehemu ya nauli kwa kubadilisha tarehe, akidai hiyo ndiyo kanuni. Boti ya alasiri tuliipanda, haina ubaya, iko usawa wa bahari. Tukalala gesti ya Mbezi karibu na stendi ya Magufuli, feni ikizunguka hewa ile ile ya moto, neti ina tundu, bei ya chumba ni ya mtu mwenye kiyoyozi. Mwenzangu alikaa macho akitaja mablanketi ya kwao, moja baada ya jingine.

Basi la saa 12 asubuhi lilianza kupanda Kitonga saa nane mchana na ushei, zaidi ya saa 25 tangu tutoke majini. Nyuma ya malori ya Tunduma kupanda kulichukua muda, na niliutumia kutazama pakiti ya korosho tuliyonunua Dar, imefungwa kwa moto pande zote. Pale chini ilikuwa imelala. Tulipofika Ilula ilikuwa imevimba, imekaza, inang'aa. Chupa tupu ya maji iliyofungwa kizibo vizuri Makambako nayo itakuonyesha kinyume chake ukiishusha Dar: itabonyea yenyewe. Yeyote anayesema basi haliwezi kuwa ndege aweke pakiti mapajani.

Kuna tabia yetu moja ya safari inayozidisha hatari. Kwa kuogopa kusimamisha basi ili kuchimba dawa, watu, hasa wanawake, hawanywi maji kutoka Mbezi hadi Mafinga. Baada ya kuzamia hilo ni kosa, kwa sababu mwili uliokauka hutoa nitrojeni kwa shida. Kunywa, mwambie konda mapema, vumilia macho ya abiria. Pombe iache kabisa usiku ule.

Jingine ni dalili. Ugonjwa wa mapovu huanza kwa maumivu ya bega, kiwiko au goti, ganzi, uchovu usio wa kawaida, vipele vinavyowasha, kizunguzungu. Mara nyingi hujitokeza ndani ya saa 24. Soma tena orodha hiyo kwa macho ya mtu aliyeshuka kwenye basi la Dar: ni nani asiyeumwa bega baada ya kiti cha nyuma? Mgonjwa atajipaka dawa ya kuchua, au zahanati itampima malaria. Kwa hiyo neno la kwanza kwa daktari, kabla ya kutaja maumivu, liwe "nimezamia kwa mtungi, nimetoka majini saa fulani, nimepanda mwinuko huu". Tiba ya kuanzia ni oksijeni tupu kwa barakoa, kisha chemba ya presha, na Kitonga hakuna chemba.

Kwa msafiri wa kusini mpangilio unaofaa ni kuanza na bahari na kumaliza na nchi kavu: Jozani, Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, vyote vikae mwishoni, kwa gharama ile ile. Kurudi kwa TAZARA kuna nafuu yake, kwani reli hukaa chini, bonde la Kilombero lote, na haianzi kupanda hadi uipite Mlimba; huo ni usiku mzima wa kupumua usawa wa chini, na ikichelewa safari hii hutanung'unika.

Linalonishughulisha zaidi liko nyumbani. Maji ya Matema, kwenye Ziwa Nyasa, ni maangavu, mawe yamezama chini ya milima ya Livingstone na samaki wa rangi wamejaa, na siku hizi wanaotaka kuteremka na mitungi huko hawakosekani. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo majedwali ya mizamo ya baharini hayatumiki bila kurekebishwa, kompyuta ya mkononi lazima ijue mwinuko, na maji baridi yasiyo na chumvi yanataka risasi pungufu ya zile za Mnemba. Lakini shida kubwa ni barabara. Kutoka Dar hadi Kitonga una nusu siku ya tambarare. Kutoka Matema unapita Tukuyu, unavuka Isongole kwenye zaidi ya mita 2,000, kisha unashukia Uyole, yote ndani ya saa chache. Aliyezama Matema asubuhi alale Matema, na kesho yake asidandie gari la kwanza la alfajiri.