Mkopo Kutoka Kisiwani

Kazi yangu ni kufunga hesabu za kampuni ndogo hapa Mbeya, na nilichojifunza kuhusu fedha zinazofichwa ng'ambo nimekipata katika mkataba wa mkopo wenye kurasa mbili. Mteja alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mkopeshaji alikuwa kampuni iliyosajiliwa British Virgin Islands, visiwa vya Karibi, na mahali pa saini ya mkurugenzi palikuwa na muhuri wa kampuni nyingine.

Tuseme mtaji ni shilingi milioni 30 na mkopo ni milioni 170 kwa riba ya 12%. Riba ya mwaka, milioni 20.4, huondolewa kwenye faida kabla ya kodi ya 30%, kisha huvuka kwenda kisiwani ambako kampuni haitozwi kodi ya mapato, ikituachia kodi ya zuio, ile inayokatwa riba inapolipwa, ya 10% tu. Sheria ya Kodi ya Mapato imeweka kizuizi: kampuni inayomilikiwa na wasio wakazi wa nchini kwa 25% au zaidi hairuhusiwi kuondoa kwenye faida riba ya deni linalozidi uwiano wa deni 70 kwa mtaji 30. Katika mfano huu deni linaloruhusiwa ni milioni 70, hivyo riba ya milioni 100 zilizozidi, yaani milioni 12, ingerudi kwenye faida na kutozwa kodi ya milioni 3.6.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Kazi ni kumjua mwenye hisa, maana kizuizi hicho hutegemea nani anaimiliki kampuni. Kusajili kampuni kisiwani si kosa. Mgodi wa New Luika, kule Songwe, ulimilikiwa miaka mingi na Shanta Gold iliyosajiliwa Guernsey, lakini hesabu zake zilichapishwa kwa kuwa hisa zake ziliuzwa katika soko la London. Tatizo ni usiri, ule ule uliofichuliwa mwaka 2016 na nyaraka milioni 11.5 za Mossack Fonseca, kampuni ya mawakili ya Panama.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2020, kampuni zinatakiwa kuwasilisha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, taarifa za wamiliki manufaa, yaani binadamu wenyewe walio nyuma ya hisa. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, ila ningependa rejista iwe wazi kwa kila mwananchi. Sheria ya uwazi ya mwaka 2015 inataka majina ya wenye hisa katika madini, mafuta na gesi yatangazwe. Sioni kwa nini mbao za Mafinga na chai ya Rungwe ziachwe nje.

Nilimwandikia mkopeshaji yule nikiuliza jina la mmiliki. Jibu lilikuwa cheti cha usajili cha kampuni ya tatu. Nimekirudisha pamoja na swali lile lile, na hesabu za mteja bado sijazitia saini.