Samsoni Hakujua

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Waamuzi 16:20. Samsoni, ambaye nguvu zake zilikuwa kwenye nywele na amenyolewa usingizini, anaamka magotini pa Delila, anajiambia atatoka kama siku zote na kujinyosha, wala hajui kwamba Bwana amekwisha kumwacha. Tangu Jumatatu nimekaa na neno hilo moja: hakujua.

Wakenya wa rika langu tunaikumbuka tarehe 29 Februari 1996. Huko Pune, India, kwenye Kombe la Dunia la kriketi, vijana wetu walipata mikimbio 166 tu, kisha wakawatoa West Indies, timu ya nchi za Karibi, wote kwa 93. Tariq Iqbal alimdaka Brian Lara, mpigaji wao hodari, kwa mpira wa Rajab Ali, naye Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu, yaani akawatoa wapigaji watatu. Nilishangilia hadi sauti ikakauka. Ilichukua miaka kabla sijajiuliza yale majitu yalikuwa yamepatwa na nini.

Maana kweli yalikuwa majitu. Watu wa visiwa vidogo kama Barbados na Antigua, wajukuu wa watumwa, walitwaa Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975 na la pili 1979. Mwaka 1984 waliwafunga Waingereza mechi zote tano, tena huko huko kwao. Nahodha wao Clive Lloyd alikuwa na warusha mpira wa kasi wanne. Mpigaji akinusurika kwa Michael Holding, upande wa pili anamkuta Joel Garner, mrefu kama mnazi. Baada ya kushindwa na New Zealand mapema 1980, walikaa miaka 15 bila kupoteza mfululizo hata mmoja wa Test, zile mechi za siku tano, hadi Australia ilipowavunja Kingston, Jamaika, Mei 1995.

Wengi husema nguvu ziliondoka siku ile. Mimi naona nywele zilikuwa zimenyolewa mapema zaidi. Agosti 1991, nguzo zao tatu, Viv Richards, Malcolm Marshall na Jeff Dujon, walicheza Test yao ya mwisho pamoja, uwanja wa The Oval, London. Wazee wakaondoka, timu ikaendelea kushinda, na ushindi ule ukaziba macho. Warusha mpira wa kasi Ambrose na Walsh waliibeba mabegani miaka mingi, lakini nyuma yao foleni ilikuwa fupi.

Vijana wa leo wa West Indies hulaumiwa kwa kukimbilia pesa za ligi za T20, kriketi fupi ya saa chache. Siwezi kuwarushia jiwe. Hata mashujaa wa Lloyd walimfuata Kerry Packer, tajiri wa Australia aliyewalipa wacheze mashindano yake, mwaka 1977, na kulisha watoto si dhambi.

Mwaka 2023 West Indies walishindwa na Uskoti mjini Harare, wakakosa Kombe la Dunia walilolitwaa wao wa kwanza. Kisha Julai 2025, Kingston ile ile, Australia ile ile: wote nje kwa mikimbio 27. Saba kati yao hawakupata hata mmoja. Baada ya hapo viongozi wa kriketi yao wakawaita Lloyd, Richards na Lara waje waketi nao mezani. Niliposoma hivyo nililia, maana nilikumbuka kanisa letu.

Mwalimu wangu wa shule ya Jumapili alikuwa mama mmoja aliyefunga chaki kwenye pindo la leso yake. Hukupewa chaki uchore mpaka useme mstari wako wote, na ukikosea alikushika mkono mkaanza tena pamoja, taratibu. Alipolala katika Bwana tulimzika kwa heshima, tukaimba vizuri. Hatukuuliza nani atashika chaki. Ibada kuu ilijaa, kwaya ikapata sare mpya, sadaka ikapanda. Leo chumba kile kina viti vya plastiki vilivyovunjika na spika mbovu, na watoto wanakaa nje na simu za wazazi wao. Someni pia Waamuzi 2:10, juu ya kizazi kilichoinuka bila kumjua Bwana.

Lakini msiiache sura ya 16 kabla ya mstari wa 22. Gerezani, nywele za Samsoni zilianza kuota tena. Januari 2024, huko Brisbane, dhidi ya Australia, Shamar Joseph, kijana wa Baracara, kijiji cha Guyana kinachofikiwa kwa mashua, aliingia uwanjani na kidole cha mguu kilichoumizwa na mpira jana yake. Alichukua wiketi saba, West Indies wakashinda kwa mikimbio minane. Lara, mzee sasa, alikuwa chumba cha watangazaji akibubujikwa na machozi. Mwaka uliofuata ndio zikaja zile 27. Kuota kwa nywele huchukua muda.

Nimeuomba ufunguo wa kile chumba kwa mzee wa kanisa, naye amenipa. Jumamosi saa tatu asubuhi tunaanza kutoa viti. Mwenye nafasi aje na ufagio. Chaki ninazo.