Uvimbe hauungui, unafia kwenye kugawanyika

Mama mdogo katoka Ukerewe kuja mionzi hapa hospitali ya Bugando, Mwanza, saratani ya mlango wa kizazi. Wiki ya pili akaniuliza, mwanangu mbona sisikii kuungua, hii mashine inafanya kazi kweli? Akawa anataka kurudi kwenye dagaa zake. Nilishtuka, maana hata mimi nilidhani mionzi inachoma uvimbe kama moto, nikakaa chini nikasoma.

Kumbe shabaha ni DNA, yale maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli. Fikiria kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa, na mama mdogo anazijua kamba za nyavu kuliko mimi. Mionzi ya gama ya mashine ya kobalti mara nyingi haiikati kamba moja kwa moja, inapasua maji yaliyomo ndani ya seli, yanatoka radikali, yaani vipande vikali vya molekuli, ndo vinakata. Grei 1 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) inakata uzi mmoja mmoja kama mara 1,000 kwenye seli moja, hiyo seli inaishona vizuri tu kwa kufuata uzi uliobaki. Tatizo ni pale nyuzi zote mbili zinapokatika pamoja, kama mara 40 hivi, hapo inaunga ovyo.

Na haifi siku hiyo! Seli za limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) zinaweza kujiua zenyewe ndani ya masaa kwa msaada wa protini ya p53, lakini kwa saratani ya mama mdogo kirusi cha HPV kinaiharibu hiyo p53, kwa hiyo seli inaendelea kuishi na kamba mbovu mpaka ijaribu kugawanyika, kromosomu, yaani mafungu ya hiyo DNA, zinavutana zinachanika, ndo inakufa, saa nyingine baada ya kugawanyika mara mbili tatu. Ndo maana uvimbe unaendelea kusinyaa hata wiki kadhaa baada ya kumaliza. Na dozi inagawiwa kidogo kidogo, siku 5 kwa wiki, ili seli zenye afya zipate muda wa kujishona, zenyewe zinashona vizuri kuliko za saratani.

Kitu kingine ambacho natamani kila anayeuguza akijue ni oksijeni. Inafanya majeraha ya radikali yasirekebishike, seli yenye njaa ya oksijeni inaweza kuhitaji dozi karibu mara tatu. Na damu ndo inabeba oksijeni, kwa hiyo wakisema damu iko chini aongezewe, jamani msikatae.

Chembe za alfa, aina nyingine ya mionzi, ni habari nyingine. Radiamu-223, wanayopewa wenye saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, inazitoa hizo chembe, hazifiki hata milimita 0.1 lakini kila zinapopita zinakatakata nyuzi zote mbili sehemu moja, mafundo matupu, na hazijali sana oksijeni.

Nikamweleza mama mdogo yote kwa mfano wa nyavu. Akanyamaza, halafu akasema, basi zinajichania zenyewe zikivutana. Nikamwambia ndiyo mama. Jana kamaliza mionzi ya 14, zimebaki 11, na leo asubuhi nimemkuta keshavaa ananisubiri mlangoni.