Chenso nyepesi: nilivyopima kabla ya kununua

Chenso ya kwanza kuishika niliiazima kwa jirani. Ilikuwa ya petroli, upanga wake sentimita 50 (upanga ndiyo lile bapa la chuma ambalo mnyororo hulizunguka). Kazi yenyewe ilikuwa kukatakata matawi yaliyoangushwa na upepo uani, mengi hayazidi unene wa paja. Robo saa tu, mikono ikawa inatetemeka na ncha ya upanga inainama kila nikijisahau. Nikazima, nikakaa juu ya gogo. Meno yanayokimbia vile hayafai kushikwa na mikono iliyochoka.

Nilipoanza kutafuta nyepesi, niligundua kwamba uzito ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi ni wa mashine tupu, bila upanga, mnyororo, petroli wala oili. Za betri nazo hupimwa betri ikiwa imewekwa pembeni. Kwa hiyo dukani niliomba kila moja ifungwe kamili, kisha nikaishika usawa wa kiuno kwa dakika mbili nzima, ikiwa imezimwa. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyepotea njia. Lakini hapo ndipo mbili zenye uzito karibu sawa zilipoachana: moja ilitulia mkononi, nyingine ikawa inaelemea mbele.

Nusura nichukue kadogo kuliko zote, kale kenye mshikio juu ya mgongo. Muuzaji huyohuyo ndiye aliyenizuia, na namshukuru. Hizo ni za wakwea miti waliofunzwa. Mikono hukaa karibukaribu, na sehemu ya juu ya ncha ya upanga ikigusa mti, mashine hurushwa kukujia usoni. Ukiwa umeishika hivyo, kuizuia ni shida.

Niliondoka na ya betri, upanga sentimita 30, yenye breki ya mnyororo (husimamisha mnyororo ghafla mashine ikirushwa). Petroli ingenidai kuchanganya oili, mililita 20 kwa lita kwa mashine za 50:1 (petroli sehemu 50, oili sehemu moja), kuvuta kamba, na kabureta kuziba mafuta yakikaa muda mrefu. Mimi hukata mara chache kwa mwaka. Anayepasua kuni kila wiki mbali na umeme akichagua petroli sitambishia.

Sikujua kwamba hata ya betri inahitaji oili ya mnyororo, na kwamba oili hiyo huvuja ikihifadhiwa. Rafu yangu ina doa hadi leo. Betri pia huisha kabla kazi haijaisha, ila mgongo wangu haulalamiki. Makali nayatazama kwenye chembe za mbao: zikitoka vipande, naendelea, zikigeuka unga, nasimama, natoa betri, nachukua tupa ya mviringo.

Nyumbani niliipima ikiwa kamili. Boksi lilisema kilo 3. Mizani ikasema 4 na nusu.