Kubadilisha Visu vya Slasha ya Trekta

Slasha tunayoitumia kufyeka magugu kati ya mistari ya mkonge hapa Tanga huendeshwa na shafti ya trekta inayozunguka mara 540 kwa dakika, na visu vyake huliwa haraka na mawe. Kabla ya kuingiza mkono chini yake, ninazima injini, ninachomoa ufunguo na kuiondoa shafti, kisha ninaiegemeza mashine juu ya magogo imara, kwa kuwa haidroliki, yaani nguvu ya mafuta inayoiinua, peke yake si ya kuaminiwa: mpira wa mafuta hayo ukipasuka, chuma chote hushuka.

Visu hubadilishwa vyote kwa pamoja, hata kama kimoja kinaonekana kizima, kwa sababu tofauti ndogo ya uzito huleta mtikisiko unaoharibu beringi na sili za giaboksi. Bolti na nati nazo huwa mpya. Anayekushauri urudishe za zamani ili uokoe shilingi chache hatakuwapo kisu kitakapochomoka. Makali yaelekee upande ambao mashine inazungukia. Nati zikishakazwa kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine, kisu bado kinapaswa kuyumba kwa uhuru kwenye bolti yake, maana ndivyo kinavyorudi nyuma kikigonga kisiki. Baada ya saa chache za kazi, ninazikagua nati hizo tena.